Elfu, Mchwezi, Mfunjo au mtu wa ukoo: mbari ipi inafaa meza yako?

"Elfu ngapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa usiku tulipoanza kucheza, hapa Busia, upande wa Uganda. Nilikuwa nimemwambia dada mmoja, anayebadilisha pesa pale mpakani, kwamba akitaka anaweza kuwa elfu: kiumbe wa msituni, mrefu, masikio yamechongoka. Yeye kutwa anahesabu noti, akabaki ananitazama akingoja tarakimu. Meza nzima ilicheka, nami nikacheka nao, ila nilipofika nyumbani nilifungua kaunta buku nikachora mstari juu ya ukurasa wote.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano wanakaa mezani, mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anaeleza hali, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na dadu linaamua pale ambapo hakuna anayejua litakalotokea. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, na ndio uliowazoesha watu kuchagua mhusika asiye binadamu. Ukiamua kutunga mchezo wako mwenyewe, swali la viumbe hao litakufikia kabla hujaandika hata bei ya panga.

Neno nalo lilitusumbua. Huku kwetu "kabila" limo kwenye fomu, kwenye siasa na kwenye posa. Ukiliweka katika mchezo, watu wanaanza kuangaliana. "Rangi" ni baya zaidi. Hata hao Wamarekani, katika toleo lao la 2024, waliacha neno la zamani lililobeba maana ya rangi na asili ya watu, wakachukua neno la spishi. Sisi tulikubaliana na "mbari", kwa sababu hakuna aliyewahi kuulizwa mbari yake kwenye kizuizi cha barabarani.

Nimejaribu njia nne za kuzibuni. Ili nisizilinganishe kwa maneno matupu, kila moja niliipitisha katika tukio lilelile: ni usiku, mto umefurika, ng'ambo kuna mlinzi mwenye karabai, upande huu kuna mtumbwi mmoja unaovuja, na mtumbwi una mwenyewe. Kisha nikaangalia meza inafanya nini.

Kuazima wa kigeni

Njia ya kwanza ni kuwachukua elfu na wenzake kama walivyo. Faida yake ni kwamba aliyewahi kucheza michezo ya kompyuta anawajua tayari. Fundi simu wetu alielewa kwa dakika moja, akaniambia na mambo mengine ambayo mimi sikuyajua. Picha zimejaa intaneti, na sheria pia.

Katika tukio la mto, elfu wake anaona gizani, ananyata, dadu linarushwa, amevuka. Dakika mbili hivi. Juma lililofuata nilimuuliza alivukaje, hakukumbuka.

Shida kubwa ilikuwa kwenye tafsiri. Elfu walituchekesha tu. Lakini kwa wale wafupi wenye ndevu, wachimba dhahabu, nilifungua kamusi nikapata "mbilikimo", nikaliandika bila kufikiri. Mwalimu mmoja tunayecheza naye, aliyewahi kufundisha Kisoro, akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuongea na Mtwa. Nikanyamaza. Neno hilo limebandikwa Watwa miaka yote, watu waliotolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, wengi wao wakabaki hawana ardhi. Mtu aliyepoteza msitu hahitaji na mimi nimfanye kikaragosi cha kuchimba dhahabu mezani kwangu. Kwa hiyo ukiazima wageni, waache na majina yao ya kigeni. Usiwavike neno lenye wenyewe.

Kuchota kwenye simulizi za wazee

Njia hii ndiyo niliyoitegemea zaidi, na ndiyo iliyonishinda vibaya zaidi.

Nilianza na Wachwezi, watawala wa kale wa Kitara ambao simulizi zinawafanya nusu watu, nusu miungu. Nani asiyewataka? Isaza, mfalme wa Kitara, dola ya kale ya magharibi mwa Uganda, ananaswa na Nyamiyonga wa kuzimu. Mwanawe Isimbwa anazaa na Nyinamwiru, anapatikana Ndahura. Baada ya Ndahura anakuja Wamara. Kisha Wachwezi wote wanatoweka, hakuna kaburi. Nenda Bigo bya Mugenyi, karibu na mto Katonga, utaona mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, mengine yamekatwa kwenye mwamba, na simulizi zinasema ni kazi yao. Niliandika kurasa sita usiku mmoja.

Mezani zikaanguka. Kwanza, Mchwezi akikaa pamoja na mvuvi katika safari moja, mvuvi anageuka mbeba mizigo. Pale mtoni mlinzi alipiga magoti, maji yakatulia, mambo yakaisha. Pili, wapo watu ambao kwao jambo hili ni ibada. Kwenye mti wa Nakayima kule Mubende watu wanaenda na maombi yao mpaka leo. Ukimpa mtoto wa watu Ndahura amchezee kama kikaragosi, jirani yake anaweza kuwa na bibi anayemwita Ndahura kwa unyenyekevu.

Tatu, na hili ndilo lililonikaa kooni. John Hanning Speke, mpelelezi Mwingereza, katika kitabu alichochapisha mwaka 1863, alidai kwamba watawala wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa watu wa asili bora waliotoka upande wa Ethiopia. Baadaye Wachwezi nao waliingizwa katika hadithi hiyohiyo, na majirani wetu wa Rwanda wamelipa gharama yake kwa damu. Sasa soma ukurasa wa kawaida wa mbari za kubuni: hawa wana akili kwa asili, wale ni wakali kwa asili, wale wengine wamezaliwa kutumikia. Ni mwandiko wa Speke uliopakwa rangi mpya. Nilikuwa nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuuona mpaka niliposoma kwa sauti.

Kulikuwa pia na ubishi kati ya mchezaji mwenye asili ya Hoima na mwingine wa Mbarara, kila mmoja na alivyosimuliwa na bibi yake. Nusu saa. Ubishi ulikuwa mtamu, sikatai, ila mtumbwi ulibaki palepale.

Hata hivyo simulizi zilinipa kitu, na aliyenionyesha ni Afande. Ni mwanajeshi mstaafu, huja kunywa chai na kuangalia, siku nyingine anacheza. Kila nilipomweleza kiumbe kipya alikuwa na swali moja: "Sawa. Huyu amekatazwa nini?" Mwanzoni nilidhani ni mazoea ya kambini.

Halafu nikazikumbuka hadithi zenyewe. Nambi anashuka na Kintu, mtu wa kwanza wa Buganda, kutoka mbinguni kwa baba yake Ggulu, ameambiwa asirudi nyuma. Amesahau ulezi wa kuku, anarudi, na kaka yake Walumbe, ambaye ni kifo, anamfuata mpaka duniani. Kayikuzi, ndugu yao, anatumwa kumkamata Walumbe, watu wanaambiwa wajifungie na wakae kimya. Watoto wanapiga kelele, naye Walumbe anazama ardhini kule Ttanda. Kibuuka wa visiwa vya Ssese anapigana akiwa juu ya mawingu, ameonywa asijihusishe na wanawake wa adui. Anajihusisha na mmoja, siri inatoka, na safari hii mishale inaelekezwa juu. Anayekumbuka hadithi ya Kibuuka anakumbuka mawingu, lakini ondoa lile onyo uone kama kuna hadithi inayobaki.

Tangu hapo kila mbari kwenye daftari langu ina mistari miwili tu: kipawa, na mwiko.

Kuanzia kwenye tope

Njia ya tatu ni kuangalia nchi yenyewe: majimaji, mlima, msimu, mdudu. Unachukua tabia moja ya kweli ya kiumbe au mahali, unampa mtu.

Kamongo, yule Waganda wanayemwita mmamba, ni samaki mwenye mapafu. Maji yakikauka anaweza kujichimbia matopeni akakaa miezi bila kula. Lakini ukimzuia asipande juu kuvuta hewa, anakufa maji. Samaki anayekufa maji! Nilipolifikiria hilo sikuhitaji tena elfu. Wakazaliwa Wafunjo, watu wa kwenye mafunjo. Kipawa chao: anaweza kujizika katika tope na kulala muda wowote anaotaka, bila njaa wala kiu. Udhaifu wa mwili: lazima apande kuvuta hewa. Mwiko wao: Mfunjo hakati funjo, wala hapandi kilichotengenezwa kwa funjo lililokatwa.

Rudi mtoni. Mtumbwi unavuja, wenzake wanasema wakate mafunjo wafunge chelezo. Mfunjo anasimama mbele yao. Anasema atapita chini ya maji peke yake. Sawa, lakini hewa itamwishia katikati, na katikati ndipo karabai inapomulika. Tulikaa hapo dakika arobaini na hakuna aliyeangalia simu.

Wa pili ni Wasenene. Kila Mganda anajua Novemba: mapipa, mabati yamesimamishwa, taa kali mpaka mtaa mzima unakuwa kama mchana, na senene wanamiminika kwenye mwanga wanateleza ndani ya pipa. Basi Wasenene ni watu wenye mabawa, wa kijani na wa kahawia, wanaosafiri kwa makundi msimu wa mvua. Kipawa: wanaruka. Mwiko: Msenene haangalii mwanga uliowashwa na mwingine. Akiuona kwa bahati mbaya, mchezaji anarusha dadu; akishindwa, anaufuata. Sasa fikiria yule mlinzi na karabai yake. Dada wa noti alimchagua Msenene papo hapo, huku anatafuna senene wa kukaanga aliokuja nao kutoka Masaka. Sikusema kitu.

Mlima nao upo. Margherita, kilele cha Rwenzori, ni mita 5,109, kuna barafu karibu kabisa na ikweta, na barafu hiyo imekuwa ikipungua tangu ianze kupimwa mwanzoni mwa karne ya 20. Watu ambao nchi yao inayeyuka mwaka hadi mwaka: sijaandika mwiko wao bado, ila naona hapo kuna safari ya miezi.

Katika njia hii Kiswahili chenyewe kinakufanyia nusu ya kazi. Ukipata shina moja zuri umepata kila kitu: Mfunjo, Wafunjo, nchi yao Ufunjo, lugha na desturi zao Kifunjo. Mchezaji mgeni anaelewa bila kuelezwa. Jaribu hivyo kwa elfu uone kama Kielfu na Uelfu vinakaa mdomoni. Ndiyo maana nakushauri uachane na majina yenye herufi zinazogongana. Yanapendeza kwenye karatasi, lakini mezani yatatamkwa mara mia kwa usiku mmoja, na watu wanane watayatamka kwa namna nane.

Hasara yake ni kazi. Hakuna picha ya kuonyesha, hakuna aliyekutangulia. Nilitumia majuma mawili kwa mbari mbili, na ya tatu (watu wa vichuguu, usiniulize) ilikufa kwa sababu nilikuwa nimeipa vipawa vitano na mwiko wa kujaza nafasi tu.

Kubaki binadamu, kugawana koo

Njia ya nne haina mabawa. Wote ni binadamu, kila mmoja ana ukoo. Mfano tunauona kila siku: katika Buganda kila ukoo una muziro wake, wa Mmamba hali kamongo, wa Nkima hali kima, na wa ukoo mmoja hawaoani. Wewe buni koo zako mwenyewe. Ukitumia za kweli, kabla ya chai kuna mtu atakuwa ametukanwa babu.

Kipawa: safari moja, mara moja, unaweza kumpata ndugu wa ukoo mahali ambapo hukutarajia. Mwiko: chakula chako. Mtoni, mwenye mtumbwi akawa wa ukoo wa mama wa mhusika mmoja. Akawakaribisha ndani, akawapa chakula, na chakula ni kile ambacho mwenzao hali. Akikataa anamdharau mwenyeji, akila amevunja mwiko. Hakuna aliyegusa dadu kwa dakika ishirini.

Ni njia nyepesi kuliko zote: hakuna namba za kukariri, unaifundisha wakati maji ya chai yanachemka. Fundi simu ndiye aliyelalamika. Alisema binadamu ni yeye mchana kutwa, akija usiku anataka kitu kingine. Siwezi kumlaumu.

Namba, kwa ufupi

Wengi wanaozitunga mbari huanza na nyongeza: huyu ana 2 zaidi kwenye nguvu, yule 1 zaidi kwenye macho. Kabla hujafanya hivyo hesabu dadu lako. Madadu ya pande 20, yale ya mchezo wa Wamarekani, mimi sijayaona kwenye duka la hapa. Ya ludo yapo kila kibanda. Kwa hiyo tunarusha mawili, tunajumlisha, 8 au zaidi umefaulu. Madadu mawili yana namna 36 za kuangukia, na 15 kati yake zinafika 8, yaani kama asilimia 42. Nyongeza ya 1 inazifanya 21, asilimia 58. Nyongeza ya 2 inazifanya 26, asilimia 72. Kwenye dadu la pande 20, kila nyongeza ya 1 ni asilimia 5 tu. Ukiiokota sheria ya huko ukaihamishia kwenye ludo, mbari moja inakuwa bingwa na meza nzima inaichagua. Ilitutokea: wachezaji watano, elfu wanne.

Sisi tumefuta nyongeza zote. Kipawa kinafanya kazi bila dadu. Ukivunja mwiko, kipawa kinaondoka mpaka ufanye jambo la kukirudisha, na jambo hilo linaamuliwa na wachezaji wengine, msimulizi hana sauti. Hapo ndipo watu wanapofurahi kupita kiasi.

Sasa uchague

Ukiwa na usiku mmoja tu na watu ambao hawajawahi kucheza, chukua koo. Vivyo hivyo ukicheza na watoto wa shule, maana watakuletea miiko ya nyumbani kwao ambayo hujawahi kuisikia. Ukiwa na vijana waliokulia kwenye michezo ya kompyuta na wanakuja kwa ajili ya mapigano, waazimie hao wa kigeni, usijisumbue. Ila soma tena majina.

Simulizi za wazee ningeziweka kwenye dunia ya mchezo bila kuzifanya mbari ya kuchezwa. Mahandaki yawepo, mti uwepo, kimya cha waliotoweka kiwepo, wahusika wapite pembeni yake kwa adabu. Kama mezani kuna mtu ambaye hadithi hizo ni za kwao na anataka kuzileta mwenyewe, mwachie yeye kiti cha msimulizi kwa usiku huo.

Kwa mchezo unaotaka udumu miezi, mimi ni mtu wa tope. Mbari tatu zinatosha, nne kwa wachezaji watano. Usiandike historia yao ya miaka elfu (elfu hiyo ya kuhesabu). Andika wanaweza nini ambacho wengine hawawezi, wamekatazwa nini, na nani atajua wakikiuka. Ukikosa jibu la swali la tatu, mwiko wako bado haujaiva. Unaweza pia kuchanganya: Wafunjo wetu sasa wana koo ndani yao, na ukoo mmoja unasemekana kukata mafunjo kwa siri. Sikulitunga mimi hilo. Lilitoka kwa mwalimu wa Kisoro, akiwa amekasirika kidogo.

Juzi umeme ulikatika tukiwa katikati. Msenene alikuwa amefika ng'ambo ya mto, macho ameyafumba kwa kitambaa, anaongozwa na sauti ya Mfunjo aliyekuwa chini ya maji na hewa imebaki kidogo. Giza tupu, tukasikiana tukipumua. Afande akapapasa mfukoni, akawasha kiberiti, akasimamisha mshumaa katikati ya meza.

Dada akautazama, akatutazama, kisha akanyoosha mkono akaomba madadu.